Maji Hayamvuti Mtu Chini

Ninatoa ushuhuda huu nikiwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Geita. Ninawaandikia watu wa kwetu, wa Shinyanga na Geita, watu wa malambo na maduara ya dhahabu, ambao wengi wetu tumekua bila kujua kuogelea. Kwa miaka mingi niliamini kwamba maji ni kitu kinachomvuta mtu chini. Leo ninaamini kinyume chake, na imani hii imebadili ninavyofundisha, ninavyotazama filamu na ninavyosimama kando ya ziwa. Maji husukuma juu. Anayelijua hilo mwilini mwake, na si kwenye daftari tu, ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka majini akiwa hai.

Nilizaliwa Kishapu, mkoani Shinyanga, nchi ya pamba na ukame, ambako maji ni lambo la kunyweshea ng'ombe au kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Watoto tulikatazwa kusogelea lambo. Katazo lilikuwa la haki, maana kila masika tulisikia mtoto wa kijiji fulani ameopolewa. Lakini hapakuwa na mtu mzima wa kutueleza zaidi ya hapo, kwa kuwa nao hawakuwahi kuelezwa. Tulirithishana hofu tupu.

Kisha ikaja tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Nilikuwa shule ya msingi, na ninakumbuka watu wazima wamekaa kimya kuizunguka redio, wakisikiliza matangazo ya maombolezo ya taifa. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza. Nadhani nusu ya Kanda ya Ziwa iliapa wakati ule kwamba maji si mahali pa binadamu. Nami niliapa.

Mama alipohamia Nyarugusu, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, alitafuta riziki kwenye mwalo, akiosha mchanga uliosagwa kwenye karasha. Jioni sisi watoto tulikimbilia kibanda cha video: jenereta nje, mabenchi ya mbao ndani, turubai ukutani kuzuia mwanga, na kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu na wenzake. Hapo ndipo nilipoiona Titanic ya mwaka 1997, pamoja na filamu nyingine nyingi za meli, manowari na majambazi wanaotumbukia mtoni. Filamu ziliipa hofu yangu sura. Nilijifunza kwamba anayetumbukia hushuka moja kwa moja hadi chini. Nilijifunza kwamba anayezama hupunga mikono na kupiga kelele mpaka sauti ikatike. Nilijifunza kwamba akifa huelea papo hapo, kifudifudi. Na nilijifunza kwamba jambazi hodari huweza kuogelea akiwa na begi la dhahabu mgongoni.

Hilo la mwisho wachimbaji walilikataa palepale kwenye benchi. Watu wa Nyarugusu wanaijua dhahabu. Wanajua kwamba kipande kidogo tu hulemea kiganja. Chupa ya lita moja ikijazwa maji ina kilo 1. Ikijazwa dhahabu tupu ingekuwa na kilo 19.3. Kipande cha dhahabu cha kiwango kinachotunzwa na benki kuu duniani kina kilo 12.4 hivi, na vipande vitano tu vinalingana na uzito wa mtu mzima. Anayeruka navyo majini haendi kuogelea.

Mwaloni nilikuwa nikimtazama Mama akizungusha karai. Mawe meupe ya kwatzi yaliyosagwa yana uzito wa mara 2.65 tu ya maji ya ujazo uleule, kwa hiyo maji huyapunguzia zaidi ya theluthi ya uzito wake, nayo husombwa kwa urahisi. Dhahabu hupunguziwa sehemu moja tu kati ya kumi na tisa. Kwa mzunguko wa mkono, maji huondoka na mchanga na kuiacha dhahabu chini. Hata zebaki, ile sumu ambayo mama zetu waliishika kwa mikono mitupu, inafuata kanuni hiyohiyo: chuma na jiwe huelea juu yake, dhahabu huzama ndani yake. Nilikulia katikati ya maabara ya kuelea na kuzama, lakini macho yangu yaliona upande mmoja tu wa jambo, ule wa kizito kinachobaki chini.

Sekondari nilifundishwa kanuni ya Archimedes, Mgiriki wa Sirakuza, na kisa cha taji la mfalme Hiero lililotiliwa shaka kwamba si dhahabu safi. Kitu kikiingia majini, maji hukisukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Niliiandika kanuni hiyo, nikaifanyia hesabu, nikafaulu. Nilikwenda chuo, nikawa mwalimu, nikaifundisha. Muda wote huo sikuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti.

Mabadiliko yalikuja nilipopangiwa shule karibu na mwambao wa Ziwa Viktoria. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wavuvi na wa wachimbaji, nao walisafiri kwa mitumbwi na vivuko. Siku moja, tukiwa kwenye somo la kuelea, binti wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, kama maji yanasukuma juu, kwa nini mtu anazama?" Nilimpa jibu la kitabu kuhusu uzito na ujazo. Alilikubali kwa adabu, kama wanavyomkubalia mwalimu. Lakini swali lilibaki kwangu. Likizo iliyofuata nilikwenda Mwanza, nikamtafuta kijana anayefundisha kuogelea kwenye bwawa la hoteli, nikamwambia ninataka kulijua jibu kwa mwili wangu. Nilichagua bwawa kwa sababu ziwa letu lina kichocho, na sehemu nyingine lina mamba. Sikutaka kutoka kwenye ujinga mmoja niingie kwenye mwingine.

Alinishika mgongo kwa kiganja kimoja. "Mwalimu, vuta pumzi, jaza mapafu. Legeza shingo, masikio yaingie majini."

"Na miguu ikizama, kaka?"

"Iache izame. Uso ndio unaohitaji hewa, miguu haihitaji."

Nikavuta pumzi. Akaondoa kiganja. Nikabaki juu.

Nikatoa pumzi taratibu, na maji yakapanda hadi kwenye mashavu. Nikavuta tena, nikainuka. Nilirudia mara nyingi, huku machozi yakichanganyika na maji ya bwawa, kwa sababu kila pumzi ilikuwa inaondoa kitu kilichokaa kifuani tangu redio ile ya mwaka 1996. Maji yalikuwa yamenibeba tangu sekunde ya kwanza. Kilichokuwa kimekosekana ni mimi kuyaacha yafanye kazi yake.

Hesabu yake ni hii. Mtu mwenye kilo 60, mapafu yake yakiwa yamejaa, ana ujazo wa lita 61 hivi. Akizama mwili mzima, maji ya ziwa humsukuma juu kwa nguvu ya kilo 61. Inabaki akiba ya kama kilo moja ya kuelea, inayotosha kuuweka uso nje iwapo kichwa kimelazwa nyuma. Akitoa pumzi yote, ujazo unapungua kwa lita tatu hivi, na akiba inageuka kuwa deni la kilo moja au mbili: anaanza kushuka. Kuelea na kuzama kwa binadamu kunatenganishwa na pumzi moja. Miili inatofautiana, mwenye mafuta mengi huelea kwa urahisi, mwembamba mwenye misuli na mifupa mizito hupata tabu zaidi, na maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi hubeba vizuri kuliko ya ziwani. Lakini kwa walio wengi hesabu ndiyo hiyo.

Sasa chukua ile picha ya filamu, mtu akipunga mikono miwili hewani. Mkono mzima wa mtu mzima una uzito wa kilo 3 hivi. Ukiwa ndani ya maji, maji yanaubeba; ukiutoa nje, kichwa ndicho kinachoulipia. Mwenye akiba ya kilo moja akiinua kilo sita juu ya maji, uso wake lazima uingie chini. Somo nililolipokea kwenye benchi la kibanda lilikuwa ndilo linaloua.

Niliporudi nyumbani nilianza kuzitazama upya filamu za majini, na kusoma jinsi zinavyotengenezwa. Hapo ndipo nilipopata ushahidi uliokamilisha badiliko langu. Kazi kubwa ya watengenezaji wa filamu hizo ni kumzuia mwigizaji asielee! Mtu anayeonekana akishuka gizani mara nyingi amefichiwa vipande vya risasi kiunoni au chini ya nguo. Bila uzito huo angepanda juu mbele ya kamera, na tukio lingeharibika. Mara nyingine hawatumii maji kabisa: mwigizaji huning'inizwa kwa kamba kwenye ukumbi uliojaa moshi, feni hupeperusha nywele na nguo, kamera hupunguza mwendo, na mapovu huongezwa baadaye kwa kompyuta. Ukitazama kwa makini utamjua: damu imemjaa usoni, mabega yamevutwa na kamba, na nguo zinaning'inia kuelekea chini badala ya kutanda pande zote.

Wapo wanaoyaheshimu maji, nami ninawaheshimu kwa hilo. James Cameron alipotengeneza The Abyss, iliyotoka mwaka 1989, alijaza maji kwenye jengo la kinu cha nyuklia ambacho hakikukamilika huko South Carolina, Marekani, lita milioni 28 hivi, na uso wa maji ukafunikwa kwa punje nyeusi za plastiki ili mwanga wa jua usipenye. Kwa Avatar: The Way of Water ya mwaka 2022, waigizaji walifundishwa kubana pumzi badala ya kubeba mitungi ya hewa, kwa kuwa mapovu yangevuruga kamera. Mmoja wao, Kate Winslet, alifika zaidi ya dakika saba, akiwa mazoezini na chini ya uangalizi wa wataalamu. Ukitazama mienendo yao unaona mwili unaobebwa kweli, na hakuna moshi wa kuigiza hali hiyo.

Hata Titanic, ya Cameron huyohuyo, niliisamehe mengi. Lile tukio la Jack na Rose kwenye kipande cha mbao limebishaniwa kwa miaka, watu wakipima kama wangeenea wote wawili. Nafasi haikuwa tatizo. Mbao ina akiba yake ya kuelea, kama mwili ulivyo na yake. Inaweza kumweka mtu mmoja juu ya maji na kushindwa na wawili, na katika filamu Jack anajaribu kupanda nayo inapinduka. Baadaye Cameron alilifanyia jambo hilo majaribio na akakubali kwamba kuna namna ambayo Jack angeweza kupona. Na wale waliokufa wakielea usiku wa tarehe 15 Aprili 1912 hawakushushwa na maji. Wengi walikuwa wamevaa maboya. Waliuawa na baridi ya bahari iliyokuwa chini kidogo ya sifuri.

Ushuhuda wa kweli hauwezi kuficha upande mgumu, kwa hiyo nauandika pia. Maji hayana huruma kwa asiyeyajua. Jambo la kwanza ni kina. Kila mita 10, mgandamizo huongezeka kwa kiasi kinacholingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Hewa ya kifuani inabanwa ikabaki nusu ya ujazo wake kwenye mita 10, na theluthi kwenye mita 20. Mwili unapungua ujazo, akiba inakwisha, na hapo mtu huanza kushuka kweli. Ndiyo sababu sekunde za mwanzo, ukiwa bado juu, zina thamani kuliko zote.

Jambo la pili ni ukimya. Mwokoaji Mmarekani Francesco Pia alichunguza watu wanaozama kwenye fukwe za New York akaeleza hali ambayo filamu haijatuonyesha: anayezama kweli hapigi kelele, kwa sababu mdomo unaotafuta hewa hauna nafasi ya kusema. Mikono haipungi, inasukuma maji pembeni bila hiari yake. Mwili unasimama wima, mdomo unaingia na kutoka majini, na baada ya sekunde 20 hadi 60 anatoweka. Mzazi anayengoja kelele kando ya lambo anangoja kitu ambacho huenda kisije. Na mwili wa marehemu kwa kawaida huzama kwanza, ukaibuka siku kadhaa baadaye gesi zinapojaa ndani. Wavuvi wetu wanalijua hilo, ndiyo maana hukaa ufukweni pamoja na wafiwa wakisubiri.

Jambo la tatu ni hewa iliyonaswa. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa, tumbo likiwa juu, na ndani watu walisikika wakigonga chuma. Kilichoibeba ni hewa iliyobaki ndani. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ilitoka, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikashuka nao. Simnyoshei mtu kidole. Waliokuwa pale walifanya kwa uchungu na kwa vifaa vilivyokuwepo. Ninaeleza kwa sababu kila mtoto wa Kanda ya Ziwa anapaswa kujua kwamba hewa ndiyo iliyokuwa nguzo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimezidisha sana idadi ya abiria, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani yake, mahali palipobaki na hewa. Mwaka 2013, baharini Nigeria, mpishi Harrison Okene aliishi saa 60 hivi kwenye kifuko cha hewa, ndani ya meli iliyolala mita 30 chini. Filamu zikionyesha mtu akipumua chini ya dari ya meli iliyozama, hazidanganyi. Husahau tu kwamba hewa ile huchafuka kwa pumzi yake mwenyewe, na kwamba baridi inamla polepole.

Haya yote yamebadilisha darasa langu. Sianzi tena na ubao. Ninaanza na mizani ya kuning'iniza, ndoo ya maji na jiwe la kwatzi ambalo mwanafunzi ameliokota duarani kwa baba yake. Jiwe la kilo 1 likiingia kwenye ndoo, mizani inasoma gramu 620 hivi, na darasa zima linasogea mbele. Kisha ninawaonyesha kipande cha filamu, ninakisimamisha katikati, ninauliza: nini kinambeba huyu? Nini kinamshusha? Amefichiwa uzito gani? Wanabishana, wanapiga hesabu. Wanafunzi ambao zamani walikariri kanuni ya Archimedes kwa ajili ya mtihani, sasa wanaitumia kumhoji mwongozaji wa filamu wa Marekani. Wazazi waliokubali, watoto wao tumewapeleka bwawani, na wa kwanza kuelea alikuwa yule binti aliyeniuliza swali. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi uitwao Panje Project umekuwa ukiwafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya staha. Picha za mafunzo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitambuliwa na World Press Photo mwaka 2018. Linalowezekana Nungwi linawezekana Geita na Kahama.

Nina maombi matatu. Kwa wazazi na viongozi wa vijiji: wekeni kando ya kila lambo dumu tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Dumu hilo lina nguvu ya kuinua ya kama kilo 19, wakati jaketi okozi la kawaida la mtu mzima lina kama kilo 10. Haliwezi kuwa badala ya jaketi kwenye mtumbwi, kwa kuwa dumu hushikwa na mikono inayochoka, lakini aliyeko ukingoni anaweza kulirusha bila yeye mwenyewe kuingia. Wapo wanaofia malamboni kwa sababu waliingia kuokoa. Kwa wachimbaji wenzetu: duara lililoachwa likajaa maji ya mvua lina kuta za utelezi zisizoshikika, lifukieni au lizungushieni uzio kabla masika hayajaingia. Kwa watengeneza filamu wa Kitanzania: ziwa ni letu, vivuko ni vyetu, na msiba tumeuonja. Mkipiga tukio la mtu majini, mwonyesheni akilala chali, akijaza mapafu, akiiacha mikono yake ndani ya maji. Mtoto atakayekumbuka picha hiyo siku ya hatari ataishi kwa sababu yenu.

Nami nimeamua kuitumikia kanuni hii kwa muda wote nitakaoshika chaki. Kila mwanafunzi atakayepita mikononi mwangu ataondoka akijua mambo matatu: lala chali, jaza kifua, mikono iwe ndani ya maji. Hayo hayahitaji ada wala maabara, na yanatosha kumpa aliyetumbukia dakika ambazo aliyeko ukingoni anazihitaji ili kurusha kamba.